Kabla hujampiga na ndara, mtazame kwanza

Ukilala Isiolo mvua ikiwa imetoka tu kunyesha, washa balbu ya nje uone. Wadudu watajaa ukutani mpaka ushangae. Wengi wetu tukiona nondo, yule anayefanana na kipepeo lakini anatoka usiku, mkono unaenda kwa ndara. Ebu ngoja kidogo.

Mimi chuo niliacha mwaka wa pili, karo ilinilemea. Sina cheti cha wadudu. Lakini usiku mmoja huko nilipiga picha nondo mdogo wa manjano hafifu, bawa lake limekatwa na mstari mwekundu. Kesho yake nikapata mwingine, mstari wake kahawia. Nikaziweka mtandaoni kama spishi mbili, nikijiona profesa.

Kumbe wapi! Mtu nisiyemjua akanisahihisha: wote ni Rhodometra sacraria, nondo aliyepewa jina na Linnaeus mwaka wa 1767. Rangi yake hubadilika kulingana na joto alilopata akiwa pupa, yaani akiwa amejifungia kabla ya kuota mabawa.

Sasa wewe utamjuaje? Usianze na rangi. Angalia mstari: unapanda mshazari hadi karibu na ncha ya bawa. Angalia anavyokaa: hukunja mabawa kama paa la nyumba, ilhali wengi wa ukoo wake huyatandaza. Mabawa yakifunguliwa ni kama sentimita mbili na nusu tu. Hupenda mahali pakavu palipo wazi. Na usimdharau kwa udogo, kuna miaka huruka hadi Uingereza.

Ukoo wenyewe ni Geometridae, maana yake wapima ardhi. Kiwavi wao ana miguu mbele na nyuma, katikati hana, hivyo hutembea akijikunja kama mtu anayepima kitambaa kwa shubiri.

Lakini chunga. Ana binamu wanaofanana naye hapa Afrika, kama Rhodometra participata. Piga picha kadhaa, andika mahali na tarehe, na kama huna hakika, ishia kwa jina la ukoo. Jina la kubahatisha linaweza kumweka mdudu kwenye ramani ya mahali ambapo hajawahi kuishi, na kuna mtu ataiamini.

Aliyenisahihisha hakuniuliza digrii. Aliniuliza tu, "Ulimwona wapi, lini?" Hayo mawili hata wewe unaweza kujibu.