Sahani za Sikukuu Bombolulu

Mtu apitaye Bombolulu, kando ya barabara ya Malindi, jioni ya kuamkia Idi, huwakuta watoto wakienda nyumba hadi nyumba na sahani zilizofunikwa vitambaa. Ndani mna vileja, visheti au kaimati. Jirani apokeaye harudishi sahani tupu. Na Krismasi ikifika, nyumba za Wakristo nazo hupeleka keki na mahamri.

Desturi hii ni njema, lakini ina mzigo wake. Samli na sukari ni ghali, na mama atakaye kumpelekea kila jirani kila aina huishia kukopa dukani. Yafaa basi majirani watano au sita wakutane nyumba moja siku mbili kabla ya sikukuu, kila mmoja amepika aina moja tu, wagawane. Kaimati ziachwe hadi siku yenyewe, maana shira huzilainisha upesi. Bali vileja vya unga wa mchele, samli na iliki hukaa siku nyingi katika kopo lililofungwa vyema.

Asiye na uwezo mwaka huu naye aalikwe. Aje mapema kwa mmoja wao asaidie kukanda, wala asiulizwe sababu mbele ya watu.