Chura wa Kufugwa Anaishi Ndani ya Maji Yake

Chura mwenye kucha, ambaye wanabiolojia humwita Xenopus laevis, asili yake ni kusini mwa Afrika. Kuanzia miaka ya 1930 alitumika kupima mimba: jike alidungwa mkojo wa mwanamke, na mwanamke akiwa mjamzito, kufikia kesho yake chura alikuwa ametaga mayai. Hivyo ndivyo alivyoenea katika maabara za Ulaya na Marekani, na leo anauzwa kama mnyama wa nyumbani. Wanunuzi wengi huanza kwa kuuliza anakula nini. Mimi naona waanze na maji.

Huyu haishi nchi kavu. Hupanda juu kuvuta hewa, lakini ngozi yake nayo hupitisha oksijeni pamoja na vingi vilivyoyeyuka majini, klorini ya bomba ikiwemo. Maji yakilazwa ndooni bila kifuniko, klorini hupungua. Kloramini, inayotumiwa na baadhi ya miji, haiondoki kwa kungoja. Hapo ni lazima kutumia dawa ya kutibu maji inayouzwa kwa wafugaji wa samaki.

Sumu nyingine anaitoa chura mwenyewe. Uchafu wake na mabaki ya chakula huzalisha amonia, ambayo humuunguza ngozi. Baada ya wiki kadhaa, bakteria wanaoota kwenye kichujio huigeuza kuwa nitriti, ambayo bado ni sumu, kisha nitrati, iliyo na madhara madogo zaidi. Kwa hiyo tangi jipya linalometameta ndilo la kuangaliwa kwa makini, maana bakteria hao hawajakuwepo. Katika wiki hizo punguza chakula, toa mabaki, na badilisha sehemu ya maji mara kwa mara. Kichujio kisioshwe kwa maji ya bomba, kwani klorini itawaua bakteria uliowangoja muda wote huo. Mkondo wake pia uwe mpole: ubavuni chura ana viungo vinavyohisi mtikisiko wa maji, na mkondo mkali humsumbua usiku na mchana.

Joto la nyuzi 18 hadi 22 linamfaa. Tangi lifunikwe vizuri, kwa kuwa anaruka. Changarawe ndogo ziondolewe, maana hana ulimi. Husukumia chakula mdomoni kwa mikono na huweza kumeza mawe. Nyungunyungu ni chakula kizuri. Mkubwa hutosheka na mara mbili au tatu kwa wiki. Siku za mwanzo anaweza kukataa kula. Mwache atulie, usimshikeshike. Ukimwona anakula ngozi yake iliyobambuka, usihofu, ni kawaida yake.

Anaweza kuishi zaidi ya miaka 15. Aliyemchoka amtafutie mfugaji mwingine, wala asimwachie mtoni: huko California na Chile vyura hawa wamezaliana porini, wanakula viumbe wa huko, na wanaweza kubeba kuvu linaloua vyura wengine bila wao wenyewe kuugua.