Nongo za Goma na bei ya bidoni ya maji

Mlowanishe shingo mtoto aliyeshinda akicheza katika mitaa ya Goma, mashariki mwa Kongo, kama Majengo au Ndosho, kisha msugue kwa kitambaa. Chini ya vidole vyako vitajikunja vijipande vyeusi, vyembamba kama uzi. Hizo ni nongo, na kwa sababu yake watoto wengi hugombezwa, na watu wazima husemwa kwamba ni wachafu. Wengi wao wanaonewa.

Kila mwili hutengeneza nongo, hata wa mtu asiyetoka nje. Seli mpya za ngozi huzaliwa chini na kusukumwa juu polepole. Baada ya takriban wiki nne hufika juu zikiwa zimekufa, zimekuwa bapa na kavu. Kila siku hupukutika kwa mamilioni bila sisi kuziona. Zinazobaki hushikwa na mafuta ya ngozi na jasho, na vumbi likitua hapo hunata. Ndiyo maana nongo hujificha nyuma ya masikio, kwenye kitovu, viwiko na vifundo vya miguu, mahali ambapo mkono haufiki mara kwa mara.

Na Goma haikosi vumbi. Mji wenyewe umekaa juu ya mawe ya volkeno ya Nyiragongo. Tarehe 17 Januari 2002 lava ilipita katikati ya mji mpaka Ziwa Kivu. Tarehe 22 Mei 2021 ilishuka tena na kusimama Buhene, pembezoni mwa mji. Mawe hayo meusi husagwa na magari, pikipiki na chukudu, yaani baiskeli za mbao za kubebea mizigo, na wakati wa kiangazi unga wake huingia kwenye nguo, nywele na shingo.

Dawa ya nongo ni maji, na maji yana bei. Ziwa Kivu liko mlangoni, lakini familia nyingi huishi kwa bidoni za lita 20, za kununua au za kubeba mgongoni. Viwango vya kimataifa vya misaada ya dharura vinataka kila mtu apate angalau lita 15 kwa siku, za kunywa, kupika na kujisafisha. Nyumba ya watu sita inahitaji basi lita 90, yaani bidoni nne na nusu kila siku. Vita vilipoingia mjini mwishoni mwa Januari 2025, umeme na maji vilikatika, watu wakakimbilia kuchota ziwani.

Maji machache yanatosha yakitumiwa vizuri. Lowanisha mwili kwanza, usubiri kidogo ngozi ilainike. Sabuni ianzie shingoni, kwapani, kwenye kinena na miguuni. Sugua taratibu kwa kitambaa au dodoki, kisha upake mafuta. Jiwe la lava liachie visigino tu. Ukilipitisha kwenye ngozi laini ya mtoto, utachubua ukuta unaomkinga na vijidudu.

Yako mambo ambayo sabuni haiyawezi. Wapo watu, hasa watoto, wanaoota mabaka ya kahawia shingoni ingawa wanaoga kila siku. Madaktari waliyaeleza mwaka 1987: sabuni haiyaondoi, lakini pamba yenye spiriti huyafuta. Mtoto wa namna hiyo akisuguliwa kwa nguvu anaumizwa bure.

Upele nao husingiziwa uchafu. Unaletwa na kijidudu kisichofika hata nusu milimita, kinachochimba ndani ya ngozi na kuhama kwa kugusana. Katika kambi za waliokimbia vita kama Bulengo na Kanyaruchinya, ambako familia nzima ililala chini ya turubai moja, hata mwenye kuoga asubuhi na jioni angeweza kuupata. Tangu 2017 Shirika la Afya Duniani limeuweka kati ya magonjwa yaliyosahaulika ya nchi za joto.

Kabla ya kumwita jirani mchafu, uliza nyumbani kwake zinaingia bidoni ngapi kwa siku. Na mtoto anayejikuna usiku kucha asipigwe wala asisuguliwe mpaka achubuke. Apelekwe kituo cha afya, naye atibiwe siku moja na wote anaolala nao.