Bima ya Pili Huziba Pengo Gani?

Mfanyakazi ambaye mshahara wake tayari unakatwa mchango wa bima ya afya ya umma, ana haja gani ya kukata bima nyingine? Kwa familia inayohesabu kila senti, swali hili si dogo. Jibu lake laonekana vizuri nchini Ufaransa, ambako zaidi ya watu 9 katika kila 10 wana bima mbili.

Ufaransa ilianzisha Hifadhi ya Jamii mwaka 1945. Hata hivyo, Hifadhi hiyo hailipi gharama yote. Kwa kawaida, mgonjwa akimwona daktari hulipiwa asilimia 70 ya bei iliyopangwa. Akilazwa hospitali, asilimia 80. Kinachobaki ni juu yake. Isitoshe, baadhi ya madaktari bingwa wanaruhusiwa kutoza zaidi ya bei hiyo, na ziada hiyo Hifadhi haiitambui. Hata mwenye saratani au kisukari, ambaye matibabu ya maradhi hayo hulipiwa asilimia 100, hulipiwa kwa kipimo cha bei iliyopangwa tu.

Pengo hilo ndilo linalozibwa na bima ya pili, inayotolewa na vyama vya kusaidiana na makampuni ya bima. Tangu mwaka 2016, waajiri wa sekta binafsi wanalazimika kuwalipia wafanyakazi wao angalau nusu ya mchango wake.

Tatizo huanza siku ya kustaafu. Nusu ya mwajiri hukoma, na mchango hupanda kadiri umri unavyosonga. Mzee hudaiwa zaidi wakati kipato kimepungua na maradhi yamezidi. Maskini husaidiwa na Serikali. Anayeumia ni yule aliyezidi kidogo kiwango cha msaada.

Uingereza sababu ni nyingine. Huko huduma ya afya ya taifa, iliyoanza mwaka 1948, humtibu mgonjwa bila kumdai malipo hospitalini. Wachache wenye bima binafsi hununua muda: hukwepa foleni ndefu ya upasuaji usio wa dharura.

Basi, ndugu msomaji, kabla ya kutia sahihi, keti na mwenzako muulizane: bima ya kwanza inaacha nini? Hii ya pili inalipa hicho hicho kilichoachwa? Na tukistaafu, nani atailipia? Asiyejua pengo liko wapi hununua kiraka kisichofaa nguo yake.