Gwanda na Gitaa: Miaka ya Maroon Commandos

Mwaka 1977 wimbo wa Kidawida, lugha ya Wataita, ulivuma Kenya nzima. Halikuwa jambo la kawaida wakati ule, na si la kawaida hata leo. Soko la santuri la Nairobi lilikuwa la lugha zenye watu wengi: Kiswahili na Kilingala kwa wapenzi wa dansi, Kijaluo kwa benga ya Daniel Owino Misiani na Shirati Jazz, Kikuyu na Kikamba kwa maduka ya River Road. Wataita walikuwa wachache mno kumfanya mfanyabiashara atoe fedha zake mfukoni. Hata hivyo “Charonyi ni Wasi” ulipita milima na mito, ukapigwa kwenye baa na nyumba ambazo hakuna aliyejua neno moja la lugha hiyo.

Walioupiga, tena, hawakuwa wanamuziki wa mjini wanaotafuta riziki ya usiku. Walikuwa wanajeshi: Maroon Commandos, bendi ya kikosi cha 7 cha Kenya Rifles, kambi ya Langata, Nairobi. Kiongozi wao alikuwa Habel Kifoto, Mtaita.

Kijana wa Kitaita kuingia jeshini hakukuwa kioja. Atazame ramani ya kaunti ya Taita-Taveta anayetaka kujua kwa nini. Sehemu ya ardhi inayokaribia asilimia 62 ni mbuga za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, hifadhi iliyotengwa mwaka 1948. Kwenye nyanda za chini kuna mashamba makubwa ya mkonge, Voi na Mwatate. Kilichobaki ni vilima vya Dawida, Sagalla na Kasigau, ambako shamba linagawanywa kwa wana, kisha kwa wajukuu, hadi linakuwa kipande cha kupanda mahindi na ndizi za jikoni tu. Reli ya Uganda ilipofika Voi mwishoni mwa karne ya 19, ilifungua mlango wa pande zote mbili: Mombasa huku, Nairobi kule. Vizazi kadhaa vimepita mlango huo kwenda kuwa makarani, walimu, mafundi wa reli, wapishi na askari. Katika sensa ya 2019 kaunti nzima ilikuwa na watu 340,671, idadi ambayo mitaa michache ya Nairobi inaweza kuipita.

Maroon Commandos ilianzishwa mwaka 1970. Mwanzoni ilifanya kama bendi nyingi za Nairobi wakati huo: ilipiga nyimbo za Wakongo. Rumba ya Kinshasa ndiyo iliyokuwa kipimo cha ufundi, na mpiga gitaa asiyeweza kumfuata Franco au Docteur Nico hakuhesabiwa. Tofauti yao na wenzao ilikuwa nje ya muziki. Bendi ya mtaani ilipomaliza kupiga, ilisubiri mwenye klabu ahesabu fedha za mlangoni. Askari walikuwa na mshahara mwisho wa mwezi, na vyombo vilikuwa vya kambi.

Hapo kwenye vyombo ndipo historia ya muziki wa dansi wa Afrika Mashariki inapofungukia. Mwanamuziki alikuwa na sauti, vidole na tungo, lakini gitaa la umeme, amplifaya na seti ya ngoma vilikuwa mali ya mtu mwingine. Mwenye vyombo ndiye aliyeamua bendi iitweje, ipige wapi na ife lini. Tanzania ilielewa jambo hili mapema. NUTA Jazz, iliyozaliwa 1964, ilikuwa mali ya chama cha wafanyakazi. Chama kilipobadilika jina bendi nayo ikabadilika, ikawa JUWATA, baadaye OTTU, na leo wengi wanaijua kwa jina la Msondo Ngoma. Jeshi la Wananchi lilikuwa na Mwenge Jazz, na polisi nao walikuwa na Polisi Jazz. Kenya haikufuata mkondo huo kwa upana. Biashara ya muziki iliachiwa watu binafsi, na Maroon Commandos ikabaki kati ya mifano michache ya bendi ya dansi iliyolelewa na dola.

Mtaita mwingine alikwishaonja upande wa pili wa mambo. Fadhili William Mdawida, aliyezaliwa Taita mwaka 1938, alikuwa mwanamuziki wa Equator Sound Studios ya Mzungu Charles Worrod, Nairobi, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Worrod alikuwa na studio, lebo na bendi ya nyumbani, na waliopitia humo ni watu wa kuheshimika: Daudi Kabaka, Gabriel Omolo, na Wazambia wawili, Nashil Pichen na Peter Tsotsi. Kutoka mikononi mwa Fadhili ndipo dunia ilipoipata “Malaika” kwenye santuri, kisha Miriam Makeba, Harry Belafonte na Boney M wakaichukua kila mmoja kwa namna yake. Ubishi kuhusu nani hasa aliyeutunga wimbo huo, huku jina la Adam Salim wa Tanzania likitajwa sana, haukuwa umetulia hata Fadhili alipofariki Februari 2001. Wimbo mmoja ulimmeza mwenyewe. Ni wachache leo wanaoweza kutaja wimbo wake wa pili, na hilo ni deni la wasikilizaji, kwa sababu aliimba mengi na aliimba vizuri.

Kifoto alikuwa na bahati ya aina nyingine, na ajali ya aina nyingine.

Mwaka 1972, miaka miwili tu baada ya bendi kuanzishwa, Maroon Commandos walipata ajali mbaya ya barabarani. Mmoja wao alikufa, wengine wakajeruhiwa. Bendi ikanyamaza kwa takribani miaka mitano. Wapenzi wa muziki mzito wa magitaa wanaijua hadithi inayofanana na hiyo: usiku wa Septemba 27, 1986, basi la Metallica, bendi ya Marekani iliyokuwa mstari wa mbele katika mtindo wa thrash, lilipinduka Sweden na kumuua mpiga besi Cliff Burton, kijana wa miaka 24. Metallica walimpata Jason Newsted na kurudi jukwaani kabla mwaka haujaisha. Walikuwa na mkataba, ziara iliyokwisha kutangazwa na kampuni iliyokuwa ikisubiri mapato. Askari wa Langata hawakuwa na mkataba wa kuwaharakisha. Walikuwa na kazi nyingine ya kuamkia asubuhi, na gwanda halikuwauliza kama wameimba jana. Bendi ya kiraia ikikaa miaka mitano bila kupiga, wanamuziki huwa wamekwisha kutawanyika kwenye bendi nne. Hawa walikuwa bado wanakutana kwenye gwaride.

Waliporudi, walirudi na sauti yao wenyewe. “Charonyi ni Wasi” ni malalamiko ya mtu aliye mbali na kwao: safarini ni kubaya, ndivyo jina linavyosema. Hakuna shujaa ndani yake wala bendera. Kuna ugeni, upweke na taabu ya mji, mambo ambayo kila aliyepanda gari la usiku kutoka Voi au Busia au Nyeri aliyafahamu. Pengine ndiyo sababu wimbo haukuhitaji mkalimani. Magitaa yanaanza taratibu, sauti zinapokezana, na ala za kupuliza zinaingia kama watu wanaojua njia. Mtu anayesikiliza vizuri atatambua kwamba rumba ya Kongo ipo, lakini gitaa la solo lina ukali wa benga, na uimbaji una mteremko wa milimani ambao hauna asili yake Kinshasa. Mchanganyiko huo ulitokana na kambi yenyewe. Kikosi cha jeshi kinakusanya vijana wa kila pembe ya nchi chini ya amri moja, na bendi yake inapata Mtaita, Mjaluo, Mluhya na Mpwani bila kutangaza nafasi za kazi.

Wimbo wao mwingine mkubwa ni kinyume kabisa cha huo. “Uvivu”, ambao wengi wanauita “Amka Kumekucha”, unamtoa msikilizaji kitandani na kumpeleka shambani. Ujumbe wake ungeweza kuandikwa na afisa wa habari: kazi hujenga taifa, uvivu hubomoa. Redio ya taifa iliupenda, ikaupiga alfajiri, na kwa Wakenya wengi waliokua enzi hizo sauti ya Maroon Commandos ni harufu ya chai ya asubuhi na sare ya shule inayotafutwa chini ya kitanda. Ni rahisi kuucheka leo kama propaganda. Lakini propaganda nyingine za enzi hizo zimekufa, na huu bado unapigwa, kwa sababu mapigo yake ni matamu na waimbaji wanaonekana kuamini wanachokisema. Askari aliyezoea kuamka kwa tarumbeta hana haja ya kuigiza anapomwambia mwingine aamke.

Gharama ya gwanda ipo, lazima isemwe. Bendi ya jeshi haiimbi siasa ya upinzani. Haikosoi mshahara, haimkosoi mkubwa, na haiwezi kuondoka ikiona mwenye klabu mwingine anatoa zaidi. Katika miaka ambayo wanamuziki wengine walitumia mafumbo kusema yasiyosemeka, Maroon Commandos walibaki na mapenzi, maonyo dhidi ya hasira na sifa za kazi. Uhuru wao ulikuwa kwenye muziki wenyewe na kwenye huzuni, kwani huzuni ya msafiri haikatazwi na amri yoyote ya jeshi.

Faida yake nayo inaonekana ukiwalinganisha na majirani zao wa jukwaani. Simba Wanyika ya ndugu Wilson na George Kinyonga kutoka Tanga ilifika Kenya mwaka 1971 na kuwa bendi iliyopendwa kuliko zote za Kiswahili. Mwaka 1978 ikapasuka. Waliotoka wakaunda Les Wanyika, iliyotupa “Sina Makosa”. Issa Juma naye akachomoka na Wanyika yake. Kila mpasuko ulizaa nyimbo nzuri, hilo halina ubishi, lakini pia uliwatawanya wanamuziki. Kaseti bandia zikaja, mashine za kunakili zikajaa River Road, na kuelekea 1990 kampuni kubwa za kigeni za santuri zikafunga virago. Chama cha Hakimiliki za Muziki cha Kenya, kilichoundwa 1983, hakikuweza kuzuia mafuriko hayo. Bendi za dansi zilikufa moja baada ya nyingine. Maroon Commandos hawakufa, kwa sababu maisha yao hayakutegemea santuri tangu mwanzo. Watu walistaafu, vijana wakaingizwa, jina likabaki.

Kifoto alifariki mwaka 2011. Bendi aliyoiongoza ilikuwa imevuka miaka 40, umri ambao bendi chache sana za dansi Afrika Mashariki zimeufikia.

Vijana wa leo wamelitatua tatizo la vyombo kwa njia yao. Nairobi ilitoa kundi la Duma, watu wawili tu, Martin Khanja na Sam Karugu, waliopiga muziki wa metali wa kasi ya kutisha ambao midundo yake ilitoka kwenye kompyuta. Albamu yao ya 2020 ilitolewa na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala na kujadiliwa Ulaya zaidi kuliko ilivyojadiliwa kwao. Hawakuhitaji kambi, chama wala Mzungu mwenye studio. Kompyuta ya mkononi iliwafanya kuwa wenye vyombo. Ila muziki wa watu wawili hauwezi kuwa na kile ambacho Maroon Commandos walikuwa nacho: watu kumi na zaidi wa makabila mbalimbali wanaopumua pamoja, mwaka baada ya mwaka, wakilipwa wapige au wasipige. Huo ni utajiri ambao soko la muziki halijapata kuujengea nyumba nyingine nchini Kenya.

Voi sasa ina kituo cha reli mpya tangu 2017, na safari ya Nairobi ambayo ilikuwa ya usiku kucha inakwisha kwa saa chache. Ina pia redio yake ya Kidawida, Mwanedu FM, jambo ambalo Kifoto hakuwa nalo alipoingia studio na wimbo wa lugha ya nyumbani. “Charonyi” bado inaombwa harusini, na vijana waliozaliwa miaka 30 baada yake wanakijua kiitikio chake. Lakini kuujua wimbo si kuuhifadhi. Santuri za miaka ya 1970 ziliuzwa kama vipande vya nyimbo mbili mbili, upande wa kwanza na wa pili, na nyingi hazikuwahi kuhamishiwa kwenye kaseti wala diski. Zilizosalia zimo masandukuni, kwa wastaafu wa reli na wa jeshi, Mwatate, Wundanyi, Bura na Taveta, zikisubiri mjukuu anayefanya usafi azitupe pamoja na magazeti. Kaunti ina idara ya utamaduni na ina vyuo vyenye vijana wanaojua kurekodi. Kazi ya kuzinakili haihitaji bajeti ya ajabu. Na wewe msomaji, kama nyumbani kwa babu yako kuna sanduku la namna hiyo, lifungue mwezi huu, soma majina yaliyoandikwa kwenye lebo, na usimpe mtu santuri hizo kabla hazijanakiliwa.