Tuilinde Michoro ya Nyero na Kakapel

Michoro ya miambani ya Nyero, wilayani Kumi, na ile ya Kakapel, ng'ambo ya mpaka nchini Kenya, ilichorwa na watu wa kale muda mrefu kabla ya mpaka huu kuwekwa. Ni urithi wa pande zote mbili, na sheria za nchi zote mbili zinaulinda.

Anayeandika jina lake kwa mkaa, au kulikwangua kwa jiwe juu ya michoro hiyo, huharibu kisichorudishika, kwani rangi ya kale hubanduka pamoja na uso wa mwamba. Hata maji yanayomwagwa ili picha ionekane vizuri huidhoofisha.

Ukikuta maandishi mapya, usiyafute. Kusugua huondoa rangi ya asili na kupoteza ushahidi tunaouhitaji. Usiguse kilichoachwa hapo. Kumbuka mahali na saa, kisha umwarifu mwenyekiti wa kijiji au kituo cha polisi kilicho karibu.

Wazazi na walimu, tunawaomba muwaeleze watoto haya kabla ya kuwapeleka matembezini. Waliochora miamba ile hawakuacha majina yao. Nasi tusiache yetu.