Mgeni Naye Ana Haki Yake



Msimu wa karafuu ukiwa mkubwa, watu hutoka Unguja na Bara wakaja Pemba kuchuma. Wengine hurudi kwao. Wengine hubaki, wakaoa, wakalima. Hapo maneno huanza: "Huyu si wa hapa. Huyu mtu wa kuja tu!"

Kabla hatujasema hivyo, tuzitazame habari za ndugu zetu wenyewe.

Wapemba waliohamia Kenya

Sisi ni watu wa bahari. Toka zamani wavuvi wetu huenda dago. Hufuata samaki, wakapiga kambi pwani za mbali, kisha wakarudi. Lakini wengine waliofika Kenya, pande za Kwale na Kilifi, hawakurudi. Walioa huko, wakazaa, wakazikana huko.

Kenya ilipata uhuru tarehe 12 Desemba 1963. Sheria ilisema hivi: aliyezaliwa Kenya ni raia papo hapo, ikiwa baba yake au mama yake naye alizaliwa Kenya. Baadhi ya waliobaki walipewa miaka miwili ya kuomba kuandikishwa. Aliyekosa kuandikishwa alibaki nje. Watoto wake nao wakabaki nje, na wajukuu pia. Huko hawakuhesabiwa Wakenya. Huku kwetu hawakuwa na karatasi yoyote. Mtu kama huyo huitwa mtu asiye na uraia.

Basi taabu ikawa kubwa. Bila kitambulisho, mvuvi hapati leseni kwa jina lake. Hafungui akaunti benki. Hapati hati ya shamba. Mtoto wake hupata shida kupata cheti cha kuzaliwa. Na watu hawa hawakuiba kitu cha mtu! Walikosa karatasi tu.

Walipataje haki yao?

Njia ilifunguliwa na Wamakonde, nao wahamiaji wa zamani huko Kenya. Oktoba 2016 walitembea kwa miguu toka Kwale mpaka Nairobi kumwona Rais Uhuru Kenyatta. Hawakuwa peke yao. Wakenya wenye kutetea haki za binadamu walikuwa pamoja nao. Rais akaamuru wapewe vitambulisho.

Wapemba nao walidai haki yao. Julai 2023 Rais William Ruto aliwatambua rasmi kuwa moja ya jamii za Kenya. Toka 1963 hadi 2023 ni miaka 60. Mtoto mchanga wa siku ile alikuwa keshakuwa babu.

Tukumbuke na jambo jengine. Januari 2001, baada ya watu kuuawa katika maandamano, watu zaidi ya 2,000 walikimbia kutoka Pemba. Wengi wao walifika Shimoni, Kenya. Siku ile wageni tulikuwa sisi.

Tufanye nini hapa kwetu?

1. Mgeni akija kukaa, tumpeleke kwa sheha aandikwe. Akitoka nchi ya nje, tumwelekeze pia ofisi ya Uhamiaji. Asiyejua kusoma tufuatane naye.

2. Mtoto akizaliwa, aandikishwe upesi. Cheti peke yake si uraia, lakini kinaonyesha amezaliwa wapi na wazazi wake ni nani. Ushahidi huo ndio wengi huukosa baadaye.

3. Mtoto wa mgeni aende skuli pamoja na wetu.

4. Mgeni akichuma karafuu, apimiwe kwa kipimo kile kile na alipwe sawa na mwenyeji.

5. Tusimwite mtu mwizi kwa sababu tu hatumjui. Mwizi ni mwizi, awe wa hapa au wa kuja. Tumshitaki kwa alilofanya, si kwa alikotoka.

Wazee husema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ni kweli, mgeni naye afanye kazi. Lakini tukishampa jembe, tumpe na haki ya jasho lake.

Maswali ya kuzungumza

1. Katika shehia yetu, ni nani waliohamia? Wameandikwa kwa sheha?

2. Kwa nini Wapemba wa Kenya walikosa uraia?

3. Yuko mtoto jirani yetu asiye na cheti cha kuzaliwa? Tumsaidieje wiki hii?